Je, Wajua? Bonaire, Kamera na Rangi Zinazopotea Baharini

Fungua ramani ya Karibi, ushuke kusini mpaka karibu uguse Venezuela. Kilomita 80 hivi kutoka pwani yake utakiona kisiwa kilichokunjwa kama kiwiko cha mkono. Hicho ndicho Bonaire, kisiwa cha Uholanzi chenye kilomita za mraba 288 tu. Unguja inaweza kukimeza mara tano na nafasi ikabaki. Wakazi wake ni zaidi ya 20,000, na kisiwa kizima hakina hata taa moja ya kuongozea magari. Hata hivyo, kila mwaka wazamiaji wenye kamera hukifuata kama nyuki wanavyofuata maua. Soma hapa uone wanafuata nini.

Mawe ya manjano ni milango ya bahari

Bonaire si lazima uwe na boti ili uyaone matumbawe. Kando ya barabara ya pwani kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano na kuandikwa majina, na kila jiwe linakuonyesha mahali pa kuingilia majini. Milango hiyo inapita 50. Mgeni hukodi pikapu, akapanga mitungi ya hewa nyuma kama muuza maziwa anavyopanga madumu yake, kisha akasimama pale jiwe litakapomvutia.

Kwa mpiga picha huo ni utajiri mtupu. Hakuna nahodha anayemhimiza apande, boti inaondoka. Akitaka kumrudia samaki yuleyule asubuhi, adhuhuri na magharibi, ni yeye na mitungi yake.

Upepo wa huko hauna zamu

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kusi na kaskazi wapokezane. Bonaire upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa mashariki mawimbi yanapiga mwamba kwa hasira, na upande wa magharibi bahari imetulia kama maji ndani ya sinia. Mawe yale ya manjano mengi yako upande huo mtulivu, ambako mara nyingi utaona umbali wa mita 30 mbele yako, sawa na mabasi mawili na nusu yaliyopangwa mstari. Tena kisiwa kiko kusini mwa njia inayopitwa na vimbunga vingi vya Karibi.

Damu ya kijani

Ukijikata kidole ukiwa mita 20 chini ya maji, utaona damu ya kijani ikitoka. Hujageuka jini! Bahari hunywa rangi moja baada ya nyingine, na inaanza na nyekundu. Shuka na kanga nyekundu: ndani ya mita 5 za kwanza imeanza kupauka, kwenye mita 10 inafanana na udongo, na ukizidi kushuka inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Chungwa hufuata, kisha manjano. Kijani na buluu ndizo zinazosafiri mbali, na ndiyo sababu picha nyingi za wanaoanza hutoka buluu tupu, kana kwamba mtu amemwaga wino juu yake.

Hapo ndipo utaielewa hekima ya samaki wa Karibi wenye ngozi nyekundu na macho makubwa wanaojibanza mapangoni mchana. Juu ya meza ya sokoni wekundu wao unakupigia kelele. Kwenye kina, wekundu huohuo ni giza, nao wamejificha ndani yake.

Dawa ya mpiga picha ni kushuka na mwanga wake mwenyewe. Flashi ikimulika, nyekundu inafufuka papo hapo, na jiwe ulilodhani la kijivu linageuka bustani ya waridi. Lakini hata mwanga wa flashi unanywewa na maji, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Samaki aliye mita 3 mbele yako, mwanga lazima ukate mita 6 mpaka ufike kwenye lenzi. Kwa hiyo wazamiaji wana kanuni moja wanayoirudia kuliko zote: sogea karibu, na ukidhani umekaribia vya kutosha, sogea tena.

Jicho linadanganywa kwa robo nzima

Samaki aliye mita 4 kutoka kwako ataonekana yuko mita 3, na atanenepa kwa karibu theluthi. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya miwani ya kuzamia, kama kijiko kinavyoonekana kimevunjika ndani ya glasi ya chai. Wapiga picha hufunika lenzi zao pana kwa kioo chenye umbo la kuba ili kuupunguza udanganyifu huo. Na mzamiaji akikusimulia ukubwa wa samaki aliyemwona, mpunguzie kidogo bila kumwita mwongo.

Nusu saa kwa picha moja

Mwaka 1856, Mwingereza William Thompson aliishusha kamera kwa mti kutoka kwenye mashua huko Weymouth. Maji yakaingia ndani ya kamera, lakini picha hafifu ikabaki. Yeye mwenyewe hakulowa. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan, mtaalamu wa viumbe, ndiye aliyezama kweli huko Banyuls-sur-Mer, akiwa na kamera ndani ya kasha lililobuniwa na ndugu yake Auguste. Kofia yake ilikuwa ya shaba, viatu vya risasi, na picha moja iliweza kumchukua hadi dakika 30. Fikiria kumwomba samaki atulie nusu saa!

Picha za kwanza za rangi kutoka chini ya maji zilipigwa mwaka 1926 katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, na W. H. Longley pamoja na Charles Martin. Mwanga waliutengeneza kwa unga wa magnesi uliowashwa juu ya chelezo kinachoelea, na safari moja unga huo ulilipuka kabla ya wakati ukamuunguza Longley vibaya. Samaki wao alionekana katika jarida la National Geographic Januari 1927, na wasomaji kwa mara ya kwanza wakaona bahari si ya kijivu.

Kisha mwaka 1963 ikaja Nikonos, kamera iliyotokana na kazi ya mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters na mpelelezi wa bahari Jacques Cousteau. Hiyo haikuhitaji kasha: unaichukua mkononi na kuzama nayo. Filamu yake ilikuwa na picha 36 na huwezi kuibadilisha ukiwa majini. Leo kadi ndogo kama ukucha inabeba maelfu ya picha, lakini mimi naona zile 36 zilimfundisha mtu kutazama kwanza, akabonyeza baadaye.

Fahali juu ya mgongo wa kamera

Ukiwa mita 30 chini, maji yanakandamiza kila sentimita ya mraba ya kasha la kamera kwa uzito wa kilo 3 hivi. Mlango wa nyuma wenye upana wa sentimita 15 kwa 10 unabeba karibu kilo 450, yaani fahali mzima amekalia kamera yako. Kinachoyazuia maji ni pete ya mpira iliyo nyembamba kuliko penseli, na unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kuyafungulia njia.

Lakini kuna jambo la kushangaza zaidi. Uzito wa kina husaidia kuufunga mlango, kwa kuwa unaibana pete. Kasha lenye kasoro mara nyingi huanza kuvuja pale juu kabisa, kwenye mita moja ya kwanza. Ndiyo maana wenye busara hulizamisha kwanza likiwa tupu ndani ya beseni, wakatazama kama linatoa vipovu, kabla ya kuweka humo kamera iliyowagharimu mishahara ya miezi.

Ukungu usioonekana

Maji unayoyaona safi kama kioo yana chembechembe tele. Flashi ikiwa imekaa sawa na lenzi, chembe zote zinang'aa na picha inajaa theluji. Ni sawa na kuwasha taa kali za gari ndani ya ukungu wa Limuru. Wazoefu huzitanua taa zao pembeni kwa mikono mirefu kama kaa, mwanga ukaingia kwa ubavu.

Usingizi wa pono, sasa kwa ushahidi wa picha

Babu zetu waliosema mtu kalala usingizi wa pono walijua walisemalo. Usiku, baadhi ya pono hutoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima kwa kifuko laini kinachopitisha mwanga, kama mtu ndani ya chandarua. Na kazi yake inakaribiana na ya chandarua: watafiti wamegundua kwamba kifuko hicho huwakinga dhidi ya vijidudu vinavyonyonya damu usiku. Bonaire wana pono wengi, na mzamiaji wa usiku anaweza kumkuta mmoja amelala chini ya jiwe, macho wazi, chandarua kinametameta.

Mchana pono ni mashine ya kusaga. Anakwangua mwani juu ya matumbawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, anameza na vipande vya mwamba, kisha anavitoa nyuma vikiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka, yaani mifuko kadhaa ya saruji. Sehemu ya ule ufukwe mweupe unaoupiga picha machweo imepita tumboni mwake. Bonaire iliwalinda kisheria mwaka 2010, na kwangu ni moja ya sheria bora kisiwani, kwa sababu pasipo pono mwani huyasonga matumbawe.

Tarponi huwinda kwa tochi yako

Usiku huohuo, samaki mkubwa wa rangi ya fedha aitwaye tarponi, ambaye anaweza kufikia urefu wa mita 2, huogelea begani kwa mzamiaji kama mlinzi. Hajaja kukulinda. Amejifunza kwamba tochi yako itamwonyesha samaki mdogo aliyelala, na ukimmulika kwa sekunde chache tu, tarponi anapita kama mshale na samaki hayupo. Wapiga picha wa huko hujifunza upesi kuuondoa mwanga juu ya walio wadogo.

Ngazi Elfu zisizofika mia

Mahali maarufu pa kuzamia panapoitwa 1000 Steps pana ngazi zisizofika hata 100. Jina limetoka kwa wanaopanda: ukibeba mtungi, mikanda ya uzito na kamera juani, miguu inahesabu elfu.

Meli iliyozama na siri yake

Tarehe 12 Septemba 1984, meli Hilma Hooker ililala ubavu karibu na ufukwe wa Bonaire na kuzama. Kabla ya hapo, wakuu wa kisiwa walikuwa wamekuta nyuma ya ukuta wa bandia ndani yake kiasi cha tani 11 za bangi. Sasa meli hiyo yenye urefu wa mita 72, karibu theluthi mbili za uwanja wa mpira, iko kwenye mchanga katika kina cha mita 30, sponji na matumbawe vimeota juu ya vyuma.

Picha zake hupendeza mno, na ndiyo hatari yake. Kwenye mita 30 mapafu hutumia hewa mara nne ya unayotumia juu. Mtungi ambao ungekutosha saa nzima unakwisha kwa robo saa. Mtu aliyezama ndani ya picha huwa hatazami saa.

Glovu ni marufuku

Katika hifadhi ya bahari ya Bonaire, mzamiaji haruhusiwi kuvaa glovu. Hekima yake ni nyepesi: mwenye mikono mitupu hatashika matumbawe. Kisiwa kilipiga marufuku uvuvi wa mkuki kwa wazamiaji mwaka 1971, na mwaka 1979 maji yote yanayokizunguka, mpaka kina cha mita 60, yakawa hifadhi. Boti hazitupi nanga, zinafungwa kwenye maboya. Na kila mgeni lazima alipe ada na kupewa maelezo kabla ya kuzama mara ya kwanza.

Kwa mwenye kamera sharti hilo la mikono mitupu ni mtihani, kwani kishawishi cha kushika jiwe ili mkono utulie ni kikubwa. Anayejua kuelea bila kupanda wala kushuka, akitumia pumzi yake peke yake, ndiye anayerudi na picha kali.

Mgeni kutoka bahari yetu

Samaki simba, yule mwenye mistari na mapezi marefu kama manyoya yaliyojaa miba ya sumu, si mwenyeji wa Karibi. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wapiga mbizi wa Pemba, Mafia na Watamu wanakutana naye kila siku bila kushtuka. Mwaka 1985 alionekana Florida, na Oktoba 2009 akafika Bonaire. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai milioni 2 kwa mwaka, na samaki wadogo wa Karibi hawakuwa wamewahi kumwona, hivyo hawamkimbii.

Yeye pia hakimbii kamera, ndiyo sababu hupigwa picha kuliko wengi. Lakini Bonaire mkuki uliokatazwa tangu 1971 umerudi kwa ajili yake peke yake, mikononi mwa wazamiaji waliofunzwa na kupewa kibali. Nyama yake, miba ikishaondolewa, ni nyeupe na tamu.

Mdomo usiopigika picha

Samaki chura hukaa juu ya sponji akafanana nayo mpaka unampita mara tatu. Mawindo yakikaribia, mdomo unafunguka na kumeza ndani ya muda wa kama sehemu 6 za elfu moja za sekunde. Ungepepesa jicho, angekuwa ameshameza zaidi ya mara kumi. Mpiga picha anaweza kumngoja saa nzima, na tukio likapita kati ya picha mbili.

Lulu zinazopanda gizani

Siku chache baada ya mwezi mpevu, mnamo dakika 45 baada ya jua kuzama na kabla mwezi haujachomoza, bahari ya Bonaire huangika shanga za nuru. Mafundi wake ni vijidudu jamii ya kamba, wadogo kuliko mbegu ya ufuta. Dume huogelea akidondosha tone la mwanga wa buluu, anasogea kidogo, anadondosha jingine, mpaka mstari wa lulu unaning'inia majini, na majike wanaufuata kumtafuta. Kila aina ina mpangilio wake wa matone, na uchumba huu wa mwanga unajulikana Karibi tu.

Ili kuuona lazima uzime tochi, nayo kamera ya kawaida haipati kitu isipokuwa weusi. Mimi nashauri uiache iningʼinie. Yapo ya kutazama kwa macho.

Siku ya mwisho hakuna kuzama

Mzamiaji hatakiwi kupanda ndege mpaka saa 18 hadi 24 zipite tangu alipotoka majini, maana naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoa vipovu hewani juu, kama soda iliyofunguliwa. Kwa hiyo siku ya mwisho Bonaire ni ya nchi kavu, na nchi kavu hiyo nayo ni ya rangi ya waridi. Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi ambayo maji yake ni mekundu-mekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi, na heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, huzaliana karibu yake. Heroe hawa ni wakubwa na wenye rangi kali kuliko wale wadogo wanaojaa Natron na Bogoria. Kote kuwili wekundu unatokana na chakula, na kinda huzaliwa wa kijivu. Uwanja wa ndege wa kisiwa umepewa jina lao. Majini kanuni ilikuwa sogea. Hapa kaa mbali, tumia lenzi ndefu, kwani wakishtuka wanaruka kundi zima.

Pembeni mwa vilima vyeupe vya chumvi utaona vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850, milango yake haipiti kiuno cha mtu mzima. Humo walilala watumwa waliochota chumvi. Uholanzi ilikomesha utumwa katika makoloni yake ya Karibi mwaka 1863, miaka 10 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Wageni wengi hupiga picha ya vibanda kwa sababu ya anga la buluu nyuma yake. Inama kwanza, uingie ndani, kisha upige.

Meza ni mesa

Wenyeji huzungumza Kipapiamentu, lugha iliyochanganya maneno ya Kireno, Kihispania, Kiholanzi na ya Afrika. Kwao meza ni *mesa*. Sisi nasi neno letu tulilipata kwa Wareno, kwa hiyo Mswahili na Mbonaire wakikaa kula samaki, angalau wana neno moja la kuanzia.

Shavu la kasa ni kitambulisho

Hakuna kasa wawili wenye mpangilio sawa wa magamba usoni, na hata shavu la kushoto la kasa mmoja halifanani na la kulia. Watafiti hutumia picha za mashavu hayo kumtambua kasa mmojammoja miaka inapopita, bila kumgusa. Mafia wanafanya hivyo kwa papa potwe, wakisoma madoa ya ubavuni mwake. Kazi hii ya kuweka kumbukumbu kwa picha ina uzito zaidi sasa, kwani mwaka 2023 ugonjwa unaoua matumbawe magumu uliingia Bonaire, na picha za zamani zinaonyesha mwamba ulivyokuwa.

Basi ukizama, iwe Bonaire au Mnemba, na kasa akapita karibu, usimfukuze wala usimzibie njia anapopanda kuvuta pumzi. Mpige picha mashavu yote mawili, andika tarehe, mahali na kina, na uzipeleke picha hizo kwa wanaohifadhi kasa wa eneo hilo.